Mapigo Matatu Chini ya Farasi

Mama Bendera anasema alimwona kwa macho yake mawili.

Anasema siku ile baba yangu alipokufa maji chini ya Uwanja Mkuu, yeye alikuwa dirishani kwake, orofa ya juu ya sinema ya zamani, anashona bendera za serikali. Anasema alimwona Baba mdogo anatokea upande wa mahakama, anatembea bila haraka mpaka miguuni mwa sanamu ya Farasi, anainua mfuniko wa chuma, anakamata gurudumu la koki na kulizungusha. Hakugonga bomba. Mama Bendera anaapa. Hakugonga hata pigo moja.

Tulipoachana wiki iliyopita alikuwa anayatamka hayo mchana kweupe, katikati ya uwanja, mkono wake umekaba ukosi wa shati la Baba mdogo. Na Baba mdogo alikuwa ameinua nyundo.

Niwatoe wasiwasi. Hakumpiga. Aliishusha nyundo taratibu, akaipangusa kwenye suruali, akacheka.

"Sogeeni," akawaambia watu. "Sogeeni msikie vizuri, maana huyu mama leo amekula chumvi yote ya nyumbani kwake."

Watu wakasogea. Uwanja wetu haujawahi kukosa watu wa kusogea.

Kwa aliyechelewa kutufuata, ajue jambo moja tu. Chini ya Farasi wa shaba kuna chumba. Koki ikifunguliwa, maji ya chemchemi hujaza kwanza chumba hicho, ndipo yapande juu kwenye mabeseni ya mawe. Fundi akiwa chini anasafisha chujio, na mtu juu akafungua koki, fundi huyo hana pa kukimbilia. Mlango wa kutokea huvutwa kwa ndani, na maji yakishaukandamiza hauvutiki tena.

Ndiyo maana ukoo wetu, uliotunza chemchemi hii tangu enzi za mkoloni, una kanuni yake. Kabla ya kufungua, unapiga bomba kwa nyundo mapigo matatu, kisha unatega sikio. Aliye chini hujibu kwa pigo moja. Kukiwa kimya, unapiga tena matatu. Kukiwa kimya tena, unafungua.

"Uliona," Baba mdogo akamwambia Mama Bendera. "Sawa. Ulisikia nini?"

"Nisikie nini tena? Nimesema niliona."

"Cherehani yako ilikuwa inakwenda, au imelala?"

"Ilikuwa inakwenda."

"Dirisha?"

"Lilikuwa limefungwa. Kulikuwa na vumbi."

"Na kutoka dirishani kwako unaona nini hapa? Mtu akiinama kwenye koki, unamwona mikono?"

Wote wakageuka kutazama orofa ya juu ya sinema, kisha wakamtazama Farasi. Muuza kahawa ndiye aliyetangulia kucheka. Ukiwa kule juu, kinachoonekana ni makalio ya Farasi na mgongo wa mtu.

"Mama amekaa miaka yote anatazama makalio ya farasi," Baba mdogo akasema. "Leo amekuja kutuletea habari zake."

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Mkono wa Mama Bendera ukalegea, ukauachia ukosi.

Kiwi, mng'arisha viatu wa kwenye ngazi za mahakama, akanyanyua brashi kama mtu anayetaka ruhusa darasani. "Mimi siku ile nilikuwa papa hapa, kiatu cha wakili mkononi. Nilisikia tatu. Nikasikia tatu nyingine. Sipendi kumtetea huyu bwana, hajawahi kung'arisha kwangu. Lakini aligonga."

"Hata wageni wangu walisikia," akasema Mwongozaji, yule anayetembeza watalii na kuwasimulia habari za uwanja. "Wakaniuliza kama ni kengele ya kanisa."

Nilikuwa nimesimama ndani ya beseni la chini, miguu mitupu, brashi ya kusugulia ukoga mkononi. Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye mawe mpaka kifuani.

Maana mimi ndiye niliyekuwa na la kupoteza pale.

Kwenye ukuta wa mahakama ya zamani kulikuwa na kibao kipya cha marumaru, kimefunikwa kitambaa chekundu. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kukifunua mchana uleule. Kimeandikwa majina ya wote waliokufa wakiuhudumia uwanja: waliobeba mawe, waliopaka rangi minara, aliyeanguka kutoka kwenye mnara wa saa. Baba yangu hayumo.

Hayumo kwa sababu iliamuliwa kwamba alikuwa amelewa. Walifikiri hivi: mtu mzima, mwenye akili zake, anapigiwa nyundo juu ya kichwa mara mbili na hajibu? Basi alikuwa amelala chakari. Baba yangu, ambaye hata soda ilikuwa ikimpalia. Mama alibeba aibu hiyo mwaka mmoja, kisha akarudi kwao. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nilipewa brashi.

Msimamizi wa uwanja alikuwa ameniahidi. "Niletee mtu mmoja aliyeona kwamba baba yako mdogo hakugonga," alisema, "na jina la baba yako nitalichonga kabla kitambaa hakijavutwa." Mtu huyo nilikuwa naye. Sasa alikuwa anaokota kanga yake chini, watu wakimcheka.

Bibi, mama mzazi wa baba yangu na wa Baba mdogo, akajipenyeza katikati ya watu na fimbo yake. Hakumtazama Mama Bendera. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye umemtuma," akasema. "Mdomo huna, unaazima wa jirani."

"Bibi, mimi…"

"Usiniite Bibi. Mwanangu mmoja maji yamemla. Huyu mmoja niliyebaki naye unataka umlishe kwa mahakimu. Leo jioni nisikukute nyumbani. Chukua ndoo yako ukalale na huyo farasi."

Watu hawakucheka hapo.

Mimi wananiita Kimya. Si jina nililopewa na wazazi. Nilipewa na Baba mdogo baada ya msiba, na likanishika kama ukoga.

*

Filimbi zikalia. Askari wakaanza kuwasukuma watu nyuma ya minyororo inayounganisha zile nguzo fupi za chuma zinazouzunguka uwanja tangu zamani za gwaride. Mgeni rasmi alikuwa njiani.

"Nyuma. Nyuma ya mnyororo. We mzee, hiyo fimbo irudishe ndani kidogo."

Tukabaki wawili katikati, mimi na Baba mdogo, kwa sababu sisi ni watu wa chemchemi. Yeye alinisogelea. Tabasamu lote alikuwa ameliacha kule kwa watu.

"Umefurahi?"

Niliendelea kusugua.

"Nakuuliza, umefurahi kunivua nguo mbele ya watu?"

"Aliyevuliwa ni Mama Bendera."

Akaniangalia kwa jicho la pembe. Kisha akapiga magoti, akafungua koki kidogo sana ili ajaribu. Tukangoja. Kwenye beseni la juu maji yakachungulia, yakadondoka tone kwa tone.

"Yanatoka kama pua ya mtoto," nikasema.

"Nyamaza." Akafunga upesi, akasubiri maji ya chini yatoweke kwenye mfereji. Jasho lilimtoka. "Chujio limeziba."

"Si ulimwambia Msimamizi ulilisafisha juzi?"

Ndipo nikamwona anaogopa. Alikuwa amesema uongo, na Msimamizi alikuwa ameupeleka uongo ule mpaka juu. Mgeni rasmi angesimama hapa, koki ifunguliwe, na taifa zima lione Farasi anadondosha kamasi.

"Nashuka," akasema. "Dakika chache tu. Msimamizi asijue, askari wasijue, huyo bibi yako asijue. Ukifungua mdomo wako leo, ambao hukuwahi kuufungua, nitakuvunja mikono yote miwili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kaa hapa kwenye koki. Asiguse mtu. Ukiwa na neno, chuchumaa uniite kwenye hili tundu." Akaonyesha tundu la hewa kwenye jiwe la msingi wa Farasi, chini ya tumbo, upana wake kama sahani. "Rudia."

"Nikiwa na neno, nikuite kwenye tundu."

"Angalau masikio unayo."

Akaenda zake upande wa mahakama, kichwa chini kama mtu aliyedondosha kitu. Chini ya ngazi za mahakama kuna mlango mdogo wa chuma ambao watu hudhani ni wa stoo. Huko ndiko handaki linakoanzia, unatambaa kwa tumbo mpaka chini ya Farasi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akazama.

Nikakaa kwenye koki.

*

Mimi nina tabia ya kutazama. Mtu asiyesema hupata muda wa kutosha kwa hilo.

Nikamwona Mwongozaji akipanda kwenye jukwaa dogo karibu na taa nne, anapuliza kipaza sauti. Nikaona watu wa bendi wakifuta tarumbeta. Nikamwona Bibi nyuma ya mnyororo, macho yake yanatembea uwanja mzima, anamtafuta mwanawe na hamwoni.

Kisha nikamwona askari mmoja anazunguka na rundo la kufuli. Alikuwa anafunga kila mlango unaotazama uwanja, kwa ajili ya usalama wa mgeni. Sinema. Ofisi ya posta. Stoo ya bendi. Akafika kwenye ngazi za mahakama. Akainama, akautikisa mlango mdogo, akatia kufuli, akaondoka huku anatafuna njiti.

Nikasimama. Nilitaka kupiga kelele, kweli nilitaka. Lakini mkono wangu ulikwenda kwenye nyundo kabla mdomo haujafunguka, kwa sababu ndivyo baba yangu alivyonifundisha nikiwa mdogo. Ukiwa na neno na mtu aliye chini, unagonga.

Nikagonga. Matatu, kwenye kichwa cha bomba kinachotokeza karibu na koki. Sauti ikaruka mpaka kwenye minara. Kiwi, kule nyuma ya mnyororo, akageuza shingo.

Nikatega sikio.

Kimya.

Nikagonga tena. Matatu, kwa nguvu.

Kimya.

Labda amezimia, nikawaza. Labda hewa ya chini imekuwa mbaya. Nikachuchumaa, nikaweka sikio kwenye tundu la hewa.

Baba mdogo alikuwa anapiga mluzi.

Alikuwa hapo hapo, chini ya nyayo zangu, ametulia, anakwangua chujio na kupiga mluzi wa wimbo wa harusi.

Sijui nilikaa vile muda gani. Najua mawe yalikuwa ya moto na sikio langu halikutoka tunduni.

"Baba mdogo," nikaita tunduni.

"Nini? Wamekuja?"

"Nimegonga."

"Umefanya nini?"

"Nimegonga bomba. Tatu, halafu tatu tena."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Sikusikia," akasema.

Lilitoka lenyewe neno hilo, kama mtu anavyosema amechoka. Kisha likamrudia. Nilisikia mkwaruzo wa brashi ukikoma.

"Kimya?"

"Nipo."

"Ni kelele za hili chujio. Nilikuwa nakwangua."

"Ulikuwa unapiga mluzi."

Brashi ikaanza kukwangua tena.

"Baba naye hakusikia," nikasema.

"Baba yako alikuwa amelewa. Tusianze."

"Bomba la huko chini ni la nini?"

"La chuma. Bomba ni bomba. Tazama kama wanakuja, acha upuuzi."

"Huku juu ni chuma, linalia mpaka mtaa wa pili. Huko uliko halilii. Baba alipolazwa kwa ajili ya mgongo, wewe ndiye uliyekarabati. Uliweka nini?"

"Niliweka nilichopewa." Sauti yake ilianza kupanda. "Walileta plastiki, nikaweka plastiki, nikaambiwa nipake rangi nyeusi, nikapaka. Kosa langu liko wapi? Mimi ndiye nina kiwanda cha plastiki?"

Basi. Baba alirudi kutoka hospitali akakuta bomba jeusi kama alivyoliacha. Akashuka kufanya kazi yake akingoja sauti ya nyundo. Na juu ya kichwa chake uwanja mzima ulikuwa unaisikia nyundo, isipokuwa yeye.

Mama Bendera alikosea. Kiwi alisema kweli. Na baba yangu alikufa hivyo hivyo.

"Ulijua plastiki haipitishi sauti," nikasema.

"Ningejuaje? Mimi ni mwalimu?"

"Basi kwa nini uliniambia nikuite kwenye tundu?"

Brashi ikadondoka chini.

"Kila ukishuka, yeyote unayemwacha hapa unamwambia akuite kwenye tundu. Nimekusikia tangu baba afe. Hujamwambia mtu hata siku moja agonge. Unagonga wewe tu, ukiwa juu, watu wakikutazama."

Nilisikia anapumua. Chumba kile kina mwangwi, pumzi ya mtu inakuja juu kama ya ng'ombe.

"Unadhani baba yako alikuwa malaika," akasema mwishoni, polepole. "Alikuwa ananiita mzembe mbele ya vibarua. Mimi, ndugu yake, tumenyonya ziwa moja. Alikwisha kumwambia Msimamizi anitoe. Ulilijua hilo? Hukulijua. Ulikuwa mtoto."

"Kwa hiyo ulifungua."

"Niligonga. Kanuni inasema ugonge, mimi niligonga. Uwanja mzima ulinisikia."

"Uwanja, ndiyo."

Akatukana. Sitaandika tusi lile hapa, gazeti hili linasomwa na watu na watoto wao.

"Natoka," akasema. "Natoka sasa hivi. Nikifika huko juu tutazungumza vizuri, mimi na wewe, na hutakuwa na meno ya kuwahadithia watu."

"Utatokea wapi?"

"Mlangoni, mpumbavu wewe."

"Askari ametia kufuli."

Hapo ndipo sauti ya Baba mdogo ilipobadilika. Sijawahi kuisikia hivyo, hata msibani.

"Kufuli gani?"

"Wamefunga milango yote. Kwa ajili ya mgeni."

"Umewaambia nipo chini?"

"Bado," nikasema.

*

Tarumbeta zikalipuka zote kwa pamoja.

Mgeni rasmi alikuwa anashuka kwenye gari mbele ya ikulu ya zamani, suti nyeupe, watu wakimpungia bendera za Mama Bendera. Mwongozaji akafungua kipaza sauti, na sauti yake ikajaa uwanja kama maji.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, mabibi na mabwana, hapa tuliposimama palikuwa kinamasi cha vyura. Mkoloni akaamuru mawe, na babu zetu wakayabeba kichwani kutoka machimboni…"

"Kimya," sauti ikasema tunduni. "Kimya, waite askari."

"…kulia kwenu ni mahakama walikohukumiwa mashujaa wetu, na mbele yake taa nne. Kwenye taa ya nne walinyongwa watatu asubuhi moja, na tangu siku hiyo taa hiyo haiwashwi, hata umeme ukiwepo…"

"Unanisikia? Sema unanisikia."

"…na huyu ndiye Farasi wetu. Amebeba wakubwa wawili. Wa kwanza, gavana, alikatwa kwa msumeno siku tulipopandisha bendera. Wa pili alijichonga mwenyewe akapanda, wanajeshi wakamvuta kwa lori. Zikabaki buti."

Watu wakacheka. Buti mbili za shaba zimekaa mpaka leo ubavuni mwa Farasi, moja kila upande, hazina miguu. Mwongozaji akiulizwa ni za nani, humtazama kwanza anayeuliza. Leo hakuna aliyeuliza.

Ofisa mmoja mwenye miwani na redio ya mkononi akaja mbio mpaka kwenye koki. Akanitazama miguu mitupu, akanitazama ndoo, akakunja uso kama ameona uchafu kwenye zulia.

"Fundi yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Wewe ni nani hapa?"

"Mtoto wa fundi wa chemchemi," nikasema. Na ni kweli.

"Unajua kufungua?"

"Najua."

"Basi utafungua wewe, fundi tutamtafuta baadaye, na atatueleza. Ile kanuni yenu ya kugonga unaijua? Imo kwenye ratiba. Mheshimiwa amesema anataka kuiona."

"Naijua."

"Nikinyoosha mkono, gonga. Na jifute hiyo miguu."

Akasimama kando, mgongo wake ukiwa upande wa Farasi, macho kwa mgeni. Mimi nikachuchumaa tena. Uso wangu ulikuwa karibu na tundu, nyundo mkononi.

"Mwanangu," Baba mdogo akasema.

Hakuwa ameniita hivyo tangu siku tulipomzika baba.

"Mwanangu, nisikilize. Nitasema. Nikitoka hapa nasema mbele ya watu wote, mbele ya mama yangu. Nitasema hakuwa amelewa. Nitashika patasi mwenyewe nilichonge jina lake. Waambie nipo."

Kule kwenye ukuta wa mahakama kitambaa chekundu kilikuwa kinapepea kidogo kwa upepo. Msimamizi alikuwa amesimama kando yake, mkono kwenye kamba, tayari kuvuta. Alinitazama kwa mbali, akatikisa kichwa polepole. Maana yake niliijua: shahidi wako ameanguka, binti, usinilaumu.

"…na chemchemi hii," Mwongozaji akaendelea, "ilikuwa na mabomba ya chuma ya mkoloni. Yaling'olewa yote ya chini yakawekwa ya kisasa, ya plastiki, na kazi hiyo haikufanywa na mgeni. Ilifanywa na fundi wetu wenyewe, mzalendo. Mpigieni makofi popote alipo."

Watu wakampigia makofi.

Sentensi hiyo nimeisikia kila siku kwa miaka, watalii wakipita na kamera zao, mimi nikiwa na brashi yangu kwenye beseni. Kila siku imekuwa ikisemwa kwa kipaza sauti, na hakuna aliyeisikia.

Ofisa akanyoosha mkono.

Bendi ikanyamaza. Uwanja mzima ukanyamaza, ule umati wote, hata watoto mabegani. Nikagonga.

Matatu.

Sauti ikaenda ikagonga mahakama, ikagonga sinema, ikarudi. Kiwi alikuwa ameinua vidole anahesabu. Nikatega sikio kwenye bomba, kama kanuni inavyotaka. Bomba halikusema kitu.

"Kimya cha kwanza," Mwongozaji akanong'ona kwenye kipaza sauti, na watu wakaguna kwa furaha, kama vile wako kwenye sinema.

Nikagonga tena matatu. Bomba halikusema kitu.

"Kimya cha pili. Hakuna mtu chini."

Makofi. Bendi ikaanza upya, ngoma kubwa kwanza, ikafunika kila kitu. Mimi peke yangu nilikuwa karibu kiasi cha kusikia kilichokuwa kinatoka kwenye lile tundu. Alikuwa anapiga ukuta kwa ngumi. Alikuwa anaita, jina langu lile alilonipa yeye, halafu jina la mama yake, halafu langu tena.

Nikainua macho. Nyuma ya mnyororo, Bibi alikuwa ameacha kumtafuta mwanawe kwenye umati. Alikuwa ananitazama mimi, ananyanyua fimbo kidogo, anauliza kwa midomo tu bila sauti: yuko wapi?

"Fungua," akasema ofisa.

Nikaweka mikono yote miwili kwenye gurudumu. Lilikuwa limeshika joto la jua.

"Binti, mheshimiwa anangoja. Fungua."

Na chini yangu, taratibu sasa, kama mtu anayemwamsha mtoto usingizini:

"Kimya. Mwanangu. Waambie nipo."